Kabla ya kuingiza kayaki kijitoni: maji, magogo na wanyama

Kijito chembamba huonekana salama kuliko ziwa au bahari, kwa hiyo wengi huingia bila kujua maji yanaelekea wapi. Kwenye hori, yaani mkono mwembamba wa bahari ulioingia nchi kavu, wenye kujaa na kupwa, maji hupanda kwa saa 6 hivi na kushuka kwa saa kama hizo. Ingia saa 2 kabla hayajajaa kabisa, yakubebe hadi ndani, kisha geuka mara yanapoanza kupwa. Ukichelewa utapwelewa, na chombo kitakaa juu ya tope lisilobeba mguu. Usishuke kukisukuma; ngoja humohumo. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, ongeza tahadhari, maana maji mengi zaidi hupita kwa muda uleule na mkondo huwa mkali.

Kwenye kijito cha maji matamu adui mkubwa ni mti ulioanguka. Maji hupita kati ya matawi, chombo na mtu hunasa. Ukiuona mbele, kimbilia ukingoni mapema, shuka, ubebe chombo nchi kavu. Kama mkondo umeshakubana ubavu kwa gogo, egemea gogo lenyewe, ingawa mwili utataka kulikwepa. Ukiegemea upande maji yanakotoka, yatapanda juu ya ubavu wa chombo na kukipindua papo hapo.

Ukipinduka, usikae kati ya chombo na kizuizi kilicho mbele. Usisimame kwenye maji yanayokimbia: mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo hukulaza kifudifudi. Lala chali, miguu mbele. Na jaketi la kuokoa maisha livaliwe na kufungwa tangu ufukweni, kwa sababu ndani ya maji halivaliki kwa urahisi.

Kafi la sentimita 220 hadi 240 huwafaa wengi. Kayaki ikiwa pana, chukua refu zaidi.

Wanyama ndio utamu wa safari hizi, nao wanastahili heshima. Ndege huonya kabla ya kuruka: huacha kula, huinua shingo, hutulia tuli. Hapo umeshakaribia mno. Acha kupiga kafi, chombo kielee mbali naye. Kulasitara akiruka na kutua mbele yako, ukimfuata utamfukuza tena na tena, akichosha mabawa badala ya kuvua. Hamia ukingo wa pili, umpite bila kusimama.

Palipo na mamba au viboko, usiende bila mwongozaji anayeujua mto huo. Kiboko akishtuka hukimbilia kilindini, na ukiwa umekaa katikati umemzibia njia. Gonga ubavu wa chombo kwa kafi ajue ulipo. Vichwa vilivyozama visipoonekana tena, usisogee mbele: hujui vitaibukia wapi.