Jibu: Kutoka hisabati hadi uprofesa wa kompyuta

Ndugu, umeuliza kama mdogo wako anayesomea hisabati Maseno amejifungia mlango wa kufundisha sayansi ya kompyuta chuoni. La hasha. Stephen Cook, mwanasayansi mashuhuri wa kompyuta, alipata shahada ya uzamivu ya hisabati Harvard mwaka 1966, akafundisha Berkeley katika idara ya hisabati, ambayo mwaka 1970 ilimnyima ajira ya kudumu (uamuzi unaonishangaza hadi leo), ndipo akahamia Chuo Kikuu cha Toronto kufundisha sayansi ya kompyuta. Mwaka uliofuata alithibitisha kwamba kila tatizo ambalo jibu lake hukaguliwa upesi linaweza kugeuzwa kuwa swali moja la mantiki: je, fomula hii yaweza kuwa kweli? Mwaka 1982 akapewa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta. Uthibitisho huo ni hisabati tupu. Basi mdogo wako asikwepe somo la mantiki, na aanze sasa kuandika programu.