Re: Krimu tamu ya kutia kwenye kahawa naitengenezaje nyumbani, na mbona yangu inakatika?

Dada inawezekana kabisa, wala huhitaji ile ya chupa ya supamaketi. Chukua maziwa freshi lita 1 na sukari kama gramu 250, weka kwenye sufuria pana yenye kitako kizito, moto mdogo, na usiondoke hapo ukaenda kuchati, kaa na mwiko ukwangue chini na pembeni maana ule utando unaoganda pembeni ndo unaleta mabonge. Yakianza kuchemka tia bekingi soda kidooogo, robo kijiko cha chai tu, yatafura povu usiogope, hiyo inapunguza uchachu yasikatike yakiwa yanapungua na inasaidia yapate rangi ya karameli. Yakibaki kama nusu na yanashika mgongo wa kijiko, zima, yakipoa yatazidi kuwa mazito. Iliki au vanila weka mwishoni, mi iliki ndo kila kitu, vanila naona inafunika kahawa.

Huna muda? Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, ongeza maziwa freshi yaliyochemshwa yakapoa, kipimo sawa na ya kopo, tikisa kwenye chupa basi.

Sasa hiyo ya kukatika kikombeni, kahawa ina asidi na maziwa yakishakaa siku nyingi nayo yanaanza uchachu, yakikutana na moto ule lazima yagande. Chupa iwe imeoshwa na maji ya moto ikakauka, weka kwenye friji, usipitishe wiki, na mimina krimu kwanza halafu kahawa taratibu.