Mfano Mbovu Usiurekebishe Kwako Tu

Mwanagenzi wetu alishinda siku nzima na mistari sita ya msimbo. Kila nilipompitia, pale ofisini kwetu kando ya Ngong Road, aliniambia, "Nakaribia, kaka." Jioni nilivuta kiti nikakaa naye. Alikuwa amenakili mfano kutoka kwenye nyaraka za maktaba fulani (msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) ya kutuma ujumbe mfupi, herufi kwa herufi, na mstari wa pili ulikuwa na namba ya simu inayoanza na 07, haina alama za nukuu za kuifanya isomwe kama maandishi.

Lugha ya programu aliyotumia, Python 3, haikubali namba nzima ianze na sifuri namna hiyo. Inakataa, kisha inakueleza habari za namba za msingi wa nane (zinazohesabiwa kwa tarakimu 0 hadi 7 tu), jambo ambalo mtu aliyetaka kutuma ujumbe tu hawezi kulihusisha na shida yake. Mwanagenzi hakuwa na kosa lolote. Lakini alishaanza kuamini kwamba kazi hii si yake, na hilo ndilo lililoniuma.

(JavaScript, lugha nyingine ya programu, ina hatari zaidi. Usipoiwekea hali ya masharti makali (strict mode), ukiandika 0712 bila nukuu inaisoma kwa msingi wa nane, yaani 458, wala haikuonyi.)

Kwa miaka mingi nilikuwa nikikuta mfano mbovu narekebisha kwenye kompyuta yangu, naendelea na kazi. Sasa naona huko ni kumwachia shimo anayekuja nyuma. Mwenye uzoefu ataliruka. Atakayetumbukia ni anayeanza, kwa sababu yeye ndiye anayeuamini mfano kama ulivyo.

Kwa hiyo ukikutana na mfano mbovu, fungua mazingira mapya ya kuendeshea msimbo, yasiyo na kitu, weka toleo la maktaba linalotajwa kwenye nyaraka, bandika mfano bila kuugusa, uuendeshe. Usiusome kwa macho ukaridhika: jicho lililozoea hujaza lenyewe kinachokosekana. Nakili ujumbe wa hitilafu wote, utaje na toleo la lugha. Halafu badilisha kilichoharibika peke yake. Nimewahi kutuma marekebisho ya herufi mbili nikayachanganya na maoni yangu kuhusu mpangilio wa aya, yakakaa miezi bila kuguswa. Wanaotunza maktaba hizi wengi hujitolea usiku, baada ya kazi zao. Wape kitu wanachoweza kukihakiki kwa dakika tano.

Jaribu pia kwa data ya huku kwetu. Mimi niliweka zile nukuu, nikaongeza na ukaguzi wa namba inayoanza na 07, nikadhani nimemaliza. Jirani yangu wa meza akaingiza yake, inayoanza na 01, ikakataliwa. Namba hizo zinatolewa Kenya tangu 2019. Ukaguzi nikaufuta wote, maana haukuwa sehemu ya kosa.

Na kama mradi ni wa Python, pendekeza mifano iendeshwe na doctest, zana ya kujaribu mifano, kila mabadiliko yanapoingia. Huja na Python yenyewe: huisoma mifano iliyo kwenye nyaraka, huiendesha, na hulalamika jibu likitofautiana na lililoandikwa.

Marekebisho yale sikuyatuma mimi. Nilimwachia mwanagenzi aandike maelezo kwa maneno yake, kwa jina lake. Aliyasoma mara tatu, akabonyeza, ndipo akachukua mkoba wake kwenda kutafuta matatu.