Binti Yangu Anauliza Tunamficha Nini

Ukurasa wa maswali ya wasomaji kuhusu vitabu vya vijana. Anayejibu ni mwalimu mstaafu wa fasihi.

SWALI: Mwalimu, salaam. Binti yangu ana miaka 14. Shangazi yake alimpa riwaya ya The Giver ya Lois Lowry, akaimaliza usiku mmoja. Kulipokucha amenuna, baba yake hamsemeshi. Nilipomuuliza ana nini akanijibu, "Kwani nyie mnanificha nini?" Nikakipitia kile kitabu, nikakuta mzazi anaua kichanga! Nimekificha kabatini chini ya mashuka. Je, nimefanya sawa? Na kuna jingine ambalo naliandika kwa tabu: huyu anayemwita baba siye aliyemzaa. Amemlea tangu hajaota meno. Hatujawahi kumwambia. – Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Salaam nyingi, mama. Kitabu kitoe huko kwenye mashuka leo hii. Mtoto kakuuliza anafichwa nini, wewe ukamfichia kitabu. Hilo tayari ni jibu, na atalielewa.

Kwa ambao hawajakisoma: ni riwaya ya mwaka 1993. Jonas ana miaka 12, anaishi katika jamii isiyojua vita wala njaa. Kazi unapangiwa, mwenzi unapangiwa, watoto unagawiwa. Wazee na vichanga wasiofikia kipimo "huachiliwa", na watoto huamini kwamba wanapelekwa mahali pengine, basi. Baba yake Jonas analea vichanga. Ni mtu mpole, mcheshi, nyumbani anaongea na watoto kwa kisauti cha kubembeleza. Siku moja Jonas anaonyeshwa rekodi ya kazi ya baba yake. Wamezaliwa mapacha, na sheria haitaki watoto wawili wanaofanana. Baba anawapima uzito, anamtenga yule mwepesi, anamchoma sindano kwenye mshipa wa paji la uso. Mtoto anarusha miguu, kisha ananyamaza. Baba anamweka kwenye katoni na kuitumbukiza kwenye tundu la taka, huku akimuaga mtoto kwa kisauti kilekile.

Ukiniuliza mimi, kisauti hicho ndicho kilichomkosesha raha binti yako. Mtoto wa miaka 14 anajua kwamba duniani watu wanauana, husikia habari kama sisi. Asichokuwa tayari nacho ni kwamba mtu anayembembeleza yeye jioni aweze kufanya lile mchana, na mkono usitetemeke. Usiku huo Jonas anakataa katakata kurudi nyumbani. Baadaye anatoroka na Gabriel, kichanga ambaye baba yake mwenyewe alikuwa akija naye nyumbani, baada ya kusikia kwamba naye ataachiliwa.

Angalia mpangilio: kwanza siri, halafu uasi. Wazazi wengi wanaoniandikia huugeuza, wakadhani mtoto aliasi kwanza ndipo akaanza kuchokonoa mambo. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) ni vilevile. Bwana Maksuudi amemfungia binti yake Maimuna ndani kwa jina la heshima, huku yeye mwenyewe anakwenda kwa kificho kwa mwanamke aitwaye Kazija. Maimuna anapotoka nje ya ile nyumba hajui lolote, na dunia inamfanya itakavyo. Watu husema Maimuna aliharibika kwa sababu alitoroka. Mimi husema aliharibiwa zaidi na miaka ile ya kutoonyeshwa kitu, ila najua hapa hatutakubaliana sote.

Sasa hilo la pili. Mimi ni mtu wa vitabu, mambo ya ndoa za watu siyawezi. Lakini nimezisoma hadithi hizi miaka mingi, na mahali panapochoma ni palepale: mtoto anapogundua kwamba wengine walikuwa wanajua. Shangazi alijua. Jirani alijua. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa anachezewa mchezo. Kwa hiyo baada ya kumwambia, swali lake la kwanza huenda lisiwe "baba yangu ni nani?" Huenda likawa "nani mwingine anajua?" Jiandaeni kulijibu hilo kwa majina, bila kupunguza hata mmoja.

Mwambieni mkiwa wote wawili, na aanze huyu baba aliyemlea, maana ndiye atakayetazamwa usoni. Kitabu kisitajwe. Usimwambie "kama yule Jonas wako"; mambo yake ni yake. Atanuna tena, tena zaidi ya safari hii. Mwacheni anune. Na akitaka kukisoma tena kitabu, kiwe mahali anapokiona.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 17 na nimeandika riwaya fupi. Kijana anagundua kwamba baba yake, mzee anayeheshimiwa na kila mtu, ndiye aliyekula fedha za mayatima. Anatoroka nyumbani, hadithi inaishia hapo. Mwalimu wangu ameisifu lakini anataka mwishoni kijana arudi, apige magoti na kuomba radhi, la sivyo haina funzo. Nimtii? – Mwandishi chipukizi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako mheshimu, lakini muulize kwa adabu: katika hadithi hii mwizi ni nani? Kama ni baba, magoti ya mtoto yanatafuta nini pale chini?

Namwelewa hata hivyo. Anaogopa kitabu chako kitakataliwa. Basi msimulie habari ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Baba mlevi anamlinda binti kwa kipigo, barua tu ya kijana inamtia mtoto matatani. Binti anafika shule ya bweni, mbali na jicho la baba, na uhuru unamlemea. Mwisho wake ni mchungu mno; sijaona msichana aliyefunga kitabu kile akatamani kuwa Rosa. Kama ni funzo, limejaa mpaka linamwagika. Na bado kilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, ndipo baadaye kikaja kufundishwa. Mwisho wenye adhabu haukukiokoa. Kilichowaudhi watu ni kwamba kilisema yanayotendeka.

Mimi tatizo langu na hadithi yako liko kwingine. Umemtorosha kijana mapema mno. Kutoroka ni rahisi kuandika: mlango, giza, begi mgongoni, basi. Kigumu ni asubuhi ya pili. Mweke mezani na baba yake. Chai inamiminwa, baba anauliza habari za masomo, anacheka na mgeni, anasali kabla ya kula, na kijana anaitazama mikono ile. Nipe kurasa kumi za hivyo, halafu umtoroshe ukitaka.

Mtafute Tsitsi Dangarembga, Nervous Conditions ya mwaka 1988. Tambudzai anaanza kwa kutuambia kwamba kaka yake alipofariki yeye hakusikitika, na papo hapo unajua huyu msimulizi hatakudanganya ili apendwe. Lakini wa kumtazama wewe ni binamu yake, Nyasha. Nyasha haendi popote. Yumo nyumbani kwa baba yake, mkuu wa shule ya misheni, mtu anayesomesha ndugu na kusifiwa na ukoo mzima. Siku aliyochelewa kurudi kutoka dansi baba anampiga, naye anamrudishia. Baada ya hapo vita vinahamia kwenye sahani: chakula kinapakuliwa, binti hali, au anakula kisha anakwenda kujitapisha. Uasi wote ule uko kati ya meza ya chakula na msalani.

Umri wako usikutishe. S. E. Hinton alianza The Outsiders akiwa na miaka 15, na kilipotoka mwaka 1967 alikuwa na 18. Aliandika juu ya wavulana maskini na wavulana wenye pesa waliokuwa wakipigana, kwa sababu makundi hayo alikuwa akiyaona shuleni kwake. Jina lake liliandikwa kwa herufi za mwanzo tu ili wahakiki wanaume wasikidharau kwa kuwa mwandishi ni msichana. Wewe hilo halikuhusu, ila la kuandika unachokiona linakuhusu.

Na mwisho wako? Uache wazi. Mwalimu akishikilia, kijana arudi, sawa, lakini baba ndiye amsubiri mlangoni akiwa hana la kusema.

SWALI: Kwa nini wazazi katika vitabu hivi vyote ni waongo au wakatili? Sisi tunaojitahidi hatuandikwi? – Baba wa wanne

JIBU: Mnaandikwa, ndugu yangu, ila msimulizi mara nyingi ni mtoto na mtoto hukumbuka zaidi siku aliyoumia. Soma To Kill a Mockingbird ya Harper Lee (1960). Atticus ni baba anayejibu maswali ya wanawe bila kuzungukazunguka, na bado watoto wake hawakuepuka kuumia. Baraza la wazee wa mahakama linapomtia hatiani Tom Robinson, mtu mweusi asiye na kosa ambaye Atticus ni wakili wake, mwanawe Jem analia. Anamuuliza baba yake wamewezaje kufanya vile. Atticus anamwambia hajui, ila wamefanya. Hakumtungia kitu cha kumpoza.

Kitabu ni kirefu kidogo. Ukiishiwa subira, rukia sehemu ya pili, kesi iko huko.