Hamlimi, mnarusha majembe

Nilikuwa na miaka 23 nilipokipeleka kikundi chetu cha ngoma nyumbani kwa ukoo wa mama yangu, Magu, Usukumani. Tulikuwa vijana tisa kutoka Dar es Salaam, na bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, tulikuwa tumeifanyia mazoezi miezi miwili mfululizo. Majembe tuliyachongesha kwa mbao nyepesi ili yarushike vizuri. Siku ya onyesho yalipaa, yakazunguka hewani, yakadakwa bila hata moja kuanguka. Watoto walishangilia mno. Tulipomaliza, babu yangu mzaa mama, ambaye ujanani alilima na kucheza na vikundi vya kulima kwa ngoma, aliniita pembeni. Hakunifokea. "Mjukuu wangu," alisema, "hamlimi. Mnarusha majembe."

Usiku ule sikulala vizuri. Alfajiri nikamfuata shambani. Akanipa jembe la chuma, akaninyooshea tuta, akakaa kwenye kivuli kunitazama. Baada ya robo saa mikono ilikuwa inawaka. Ndipo nikaanza kuelewa mambo ambayo miezi miwili ya kuhesabu moja hadi nane haikunifundisha. Jembe likishapanda, mkulima halisukumi chini. Analiacha lianguke, na magoti yanalegea kulipokea. Pumzi inatoka pale chuma kinapogusa udongo. Mapumziko ya mwili yako juu, kitambo kidogo sana kabla ya kuanguka. Ngoma inayopigwa pembeni ya shamba inashika kitambo hicho ili watu ishirini waangushe kwa pamoja na kazi iwe nyepesi. Sisi tulikuwa tumechukua mzunguko wa jembe na kuacha uzito wake. Tuliporudi mjini niliyatupa majembe ya mbao.

Tangu siku hiyo, vijana wakiniuliza mawazo ya miondoko nayatoa wapi, nawajibu: kwa watu walio kazini. Nakaa ufukweni Bagamoyo nikiwatazama wavuvi wakivuta ngalawa mchangani, nione ni mguu upi unaotangulia kuuma ardhi. Namtazama kondakta wa daladala aliyening'inia mlangoni, jinsi kiuno kinavyosoma kona kabla gari halijakata. Ukienda Ugogoni, Dodoma, utawaona kina mama wanaocheza muheme ya Wagogo wameibana ngoma katikati ya mapaja, wanapiga huku wanacheza, mwili uleule. Ukishawaona hao huwezi tena kuuchukulia muziki kama kitu kinachotoka kwenye spika na wewe unakifuata nyuma.

Sisemi uache kujifunza dansi kwenye simu. Nami najifunza humo, na singeli naipenda kwa dhati; kasi ile inazaa miguu ambayo sijaiona kwingine duniani. Ila staili uliyoinakili kwenye simu imeshapita kwenye miili elfu kabla ya kukufikia wewe, na mwenye kutafuta dansa hatakuchagua kwa kitu ambacho kila mtu anacho. Kwa hiyo jaribu hivi. Mchague mtu mmoja mwenye kazi ya mikono, mwombe ruhusa, mwangalie nusu saa bila kumrekodi. Uwe na daftari. Andika uzito unaanzia wapi, pumzi inatoka saa ngapi, anapumzikia wapi. Nyumbani, rudia mwendo wake mikono mitupu, polepole mara mbili ya alivyofanya yeye. Ukishauzoea, badilisha kitu kimoja tu: mwelekeo, au kasi, au uufanye umelala chini. Kimoja tu. Vijana wengi hubadilisha vyote siku ya kwanza na wanabaki hawana kitu.

Na ruhusa ni jambo zito, hasa kwa ngoma za wenyewe. Sindimba ya Wamakonde ilipopandishwa majukwaani baada ya Uhuru, mjini watu wengi walibaki na kiuno peke yake, na uhusiano wake na sherehe za jando na unyago ukafifia. Hilo linaniuma. Kuna mambo kina bibi watakuonyesha na kukwambia haya ni ya ndani. Yaache ndani. Hautapungukiwa kama mtunzi.

Ukipata nauli, nenda Bujora, karibu na Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, mwezi wa 6 kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma. Bagika na Bagalu, pande mbili zinazoshindana kwa ngoma, hucheza kwa wakati mmoja, na kwa desturi ushindi unapimwa kwa umati: kundi lililovuta watu wengi ndilo limeshinda. Ndiyo sababu wengine huja na chatu shingoni. Mimi nilisimama pale saa tatu nzima nikiangalia watu wanahama kutoka kundi hili kwenda lile, na mara nyingi walihama kundi lilipokaa kwenye hatua moja muda mrefu kupita kiasi. Somo hilo la kutunga nimelitumia katika kila kazi niliyofanya baadaye.

Kuhusu shule: chuo cha Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho sasa ni TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Kama ada haipo, tafuta kikundi cha mtaani chenye mwalimu anayejua kukuzuia usijiumize.

Maana mwili ndio mtaji. Mimi nilipoteza miezi minne kwa maumivu ya ugoko kwa sababu nilikuwa naruka pekupeku juu ya saruji kila jioni. Mazoezi ya kuruka yapeleke mchangani au kwenye nyasi. Germaine Acogny, mama wa dansi ya kisasa ya Afrika, amejenga shule yake kijijini Toubab Dialaw, Senegal, ambako wanafunzi hucheza juu ya mchanga, na katika mbinu yake uti wa mgongo ndio msingi. Alizaliwa mwaka 1944. Mwaka 2021 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya dansi kule Venice, Italia. Wewe mwenye miaka 25 unayedhani umechelewa, piga hesabu hiyo taratibu.

Malipo myapatane kabla ya mazoezi, hata kwa ujumbe wa simu, mradi pawe na maandishi. Niliwahi kuwatungia watu video nzima kwa ahadi ya mdomo na sikuiona hata nauli. Na wadogo zangu wa kike: usaili wa saa nne usiku chumbani kwa mtu, usiende, hata ukitajiwa jina kubwa kiasi gani.

Kazi yangu ya sasa inatokana na mama muuza chapati wa mtaani kwetu. Nilimwomba, akakubali, nikamkalia asubuhi nne mfululizo: mti wa kusukumia unavyokimbia huku mabega yametulia kabisa, na vidole vinavyongoja kidogo ukingoni mwa chuma kabla ya kugeuza. Wiki iliyopita nilimwalika mazoezini. Alikaa kwenye stuli na kanga yake begani, akatazama mpaka mwisho, kisha akanivuta mkono.

"Pale pa kugeuza umeharakisha, mwanangu. Ingekuwa yangu ingechanika."

Kesho yake mazoezi tuliyaanzia hapo.