Mleteni, lakini msimpe timu ya taifa

Swali lenu la wiki, Mhariri, lilikuwa: je, Kenya iajiri mtaalamu wa kigeni aujenge upya mfumo wa kukuza wachezaji wa kriketi, au fedha hizo wapewe makocha wetu? Najua barua nyingi zitakuja na methali ya mgeni na mwenyeji. Jibu langu kutoka Malindi ni kwamba aajiriwe, apewe kazi moja nyembamba kwa miaka minne, na kikosi cha taifa asikiguse.

Kocha wa kigeni ni dawa tuliyokwisha kuimeza mara nyingi. Tarehe 29 Februari 1996 mjini Pune, Kenya chini ya Hanumant Singh wa India ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Mwaka 2003 Sandeep Patil, Mhindi mwingine, akatufikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia. Kwa hayo mawili watu husema basi aletwe Mhindi wa tatu. Wanasahau kwamba kina Steve Tikolo, Maurice Odumbe na Martin Suji walikuwa wameshakomaa katika ligi ya vilabu vya Nairobi kabla Patil hajashuka kwenye ndege. Yeye aliwapanga, akawatia moyo na kuwapa mbinu. Hakuwazalisha, na hakuna aliyemwomba azalishe wengine.

Tazameni yaliyofuata. Kati ya 2006 na 2012 walipita Roger Harper, Andy Kirsten, Eldine Baptiste, Mike Hesson na Robin Brown. Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Wageni hao hawakuwa wabovu: Hesson alikaa kwetu chini ya mwaka mmoja, kisha akaenda kuifikisha New Zealand fainali ya Kombe la Dunia la 2015. Tatizo ni kazi waliyopewa. Kocha wa timu ya taifa hupimwa kwa mashindano yajayo, kwa hiyo hushughulika na wachezaji kumi na watano walio mbele yake. Kijana wa miaka kumi na tatu wa Malindi hawezi kumwokoa mkataba wake, basi hana sababu ya kumtafuta.

Mfano ninaoupenda uko Chennai. Mwaka 1987 kampuni ya matairi ya MRF ilianzisha kituo cha warushaji wa kasi, ikamwita Dennis Lillee, mrushaji wa kasi wa zamani wa Australia. Wakati ule India ilijulikana kwa spini, yaani mipira ya polepole inayozunguka. Warushaji wa kasi walikuwa wachache. Lillee hakupewa timu yoyote. Alikuwa akija kwa vipindi, anakagua miondoko ya vijana, anaacha maagizo, anarudi kwao. Aliyebaki uwanjani kila siku ni T. A. Sekhar, aliyewahi kuirushia India. Lillee aliendelea hivyo hadi 2012, na wakapita pale Javagal Srinath, Venkatesh Prasad na Zaheer Khan. Mgeni mmoja na mwenyeji mmoja, ujuzi mmoja, mahali pamoja, miaka mingi. Uingereza nayo, yenye makocha tele, ilimchukua Rod Marsh mwaka 2001 aongoze chuo chake cha taifa kwa kuwa alishakiendesha cha Australia kule Adelaide. Alinunuliwa kwa uzoefu wa kuendesha chuo, na timu kubwa ikabaki na kocha wake.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza nafasi, chama chetu cha kriketi kiamue kinanunua ujuzi gani. Kwa maoni yangu tunachokosa zaidi ni mtu wa kufundisha wanaofundisha watoto kati ya miaka 10 na 17. Mbinu za kupiga na kurusha tunazo humu humu. Tikolo mwenyewe aliwahi kuinoa Uganda kama mtaalamu wa kigeni.

Sasa mkataba, maana hapa ndipo mambo huharibika mapema. Agosti 2024 alitangazwa Dodda Ganesh, aliyewahi kuichezea India, na haukupita hata mwezi mmoja na ushee mkataba ukafutwa kwa hoja kwamba bodi haikuuidhinisha kwa utaratibu. Basi hatua ya kwanza ni kumbukumbu za kikao cha bodi zilizotiwa saini, ya pili ni fedha ya mwaka mzima kuwekwa kwenye akaunti ya kazi hiyo peke yake, ya tatu kibali, ya nne ndipo waandishi wa habari waitwe na picha zipigwe. Sisi huanza na picha.

Kibali cha kazi cha daraja D humtaka mwajiri amtaje Mkenya atakayejifunza kazi kwa huyo mgeni. Mara nyingi sehemu hiyo hujazwa jina la karani yeyote ili fomu ikamilike. Ningetaka yatajwe majina mawili, la mwanamke na la mwanamume, wote wenye cheti cha ngazi ya pili cha ukocha cha ICC, Baraza la Kimataifa la Kriketi, au walio karibu kukipata, na mishahara yao iandikwe ndani ya bajeti ile ile. Wakiwa wanajitolea, mwezi wa tatu watakwenda kutafuta riziki kwingine, na mtaalamu atakuwa anamfundisha dereva wake.

Sioni haja ya mtaalamu kuishi Nairobi mwaka mzima. Aje mara mbili kwa mwaka, wiki sita kila safari. Safari ya kwanza iwe katikati ya Januari hadi mwisho wa Februari: shule zimefunguliwa, kaskazi inavuma, viwanja vya Pwani ni vikavu. Ya pili ianze Agosti, walimu wakiwa likizo na kuweza kukaa darasani. Aprili hadi Juni asije. Mvua za masika hapa kwetu hazina mzaha, na siku anazolipwa zitaishia hotelini. Kalenda ya Kiislamu pia itazamwe, maana Ramadhani kwa miaka hii inaangukia Februari na inasogea kuelekea Januari. Mwezi huo mazoezi ya mchana kwa vijana wa Malindi na Lamu hayawezekani. Ya usiku baada ya tarawehe yanawezekana, kwa mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe na taa mbili za kutosha.

Ratiba ya siku ina mtego wake. Mtaalamu akizoea kwao kwamba kriketi ya watoto ni Jumamosi asubuhi, Lamu atakuta uwanja mtupu, watoto wako chuoni, yaani madrasa. Azungumze na walimu wa madrasa kabla ya kuchora ratiba. Mara nyingi nafasi iliyo wazi ni baada ya alasiri, saa kumi na nusu hadi karibu na magharibi. Ni saa moja na nusu tu, kwa hiyo mazoezi yenye neti moja na watoto ishirini wanaosubiri zamu ni upotevu: kwa saa moja kila mtoto hupiga dakika tatu. Kocha aliyefunzwa vizuri hugawa watoto hao vituo vitano vya wanne wanne, mipira kumi badala ya miwili, na kuzungusha kila dakika kumi na tano.

Hayo hayafundishwi kwa semina ya siku mbili. Semina tunazijua: walimu arobaini, fulana, vyeti, soda, kwaheri. Baada ya mwezi ukiwatembelea, mipira imefungiwa kabatini mwa mwalimu mkuu isipotee. Nafuu wachaguliwe walimu kumi na wawili tu kwa kaunti, kila mmoja atazamwe akiendesha mazoezi yake mwenyewe, kwenye uwanja wake mwenyewe, kila baada ya wiki sita. Mgeni asipokuwepo, msaidizi ndiye aende, arekodi dakika kumi kwa simu na kumtumia. Mgeni aongee na mwalimu. Na watoto aongee mwalimu, kwa Kiswahili. Mgeni akimsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi, amemmaliza.

Kuhusu viwanja, tusidanganyane kwamba tutapata pichi za nyasi, yaani ule ukanda wa kurushia na kupigia mpira. Udongo wetu ni mchanga usioshikana, na visima vingi vina maji ya chumvichumvi. Kinachofaa ni zege lenye mkeka juu. Kutoka wiketi hadi wiketi ni mita 20.12, lakini zege liwe la mita 25 kwa 2.5, unene sentimita 10. Hiyo ni mita za ujazo 6.25, kama mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne. Mchanga wa ufukweni marufuku: chumvi yake hula wavu wa chuma (BRC) ulio ndani na zege hupasuka baada ya misimu michache. Maji ya kukorogea yawe ya bomba au ya mvua. Kiungo cha zege kiwe katikati kabisa, kwenye mita ya 12.5, na si kwenye mita sita hadi nane mbele ya mpigaji, ambapo mrushaji hulenga. Mpira ukigonga ufa pale huruka usoni mwa mtoto, na mzazi akishaona damu mara moja hamrudishi mwanawe. Baada ya kumwaga, mwagilia siku saba.

Mkeka wenyewe kwa miaka mingi duniani umetengenezwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, na Kilifi kwa minazi haina shida. Mtu wa kusuka mkeka mzito, mpana, uliobana sawasawa angetuokolea gharama ya kuagiza nje. Ukunjwe kila baada ya mchezo na uwekwe ndani. Ukiachwa nje utalowa, na mbuzi watamalizia kazi.

Lamu mjini nafasi ni haba zaidi. Maji yakitoka, mchanga mgumu wa ufukweni unafaa kwa kudaka, kutupa na kukimbia kati ya wiketi. Kupiga hapo kusizidi, kwa sababu mpira hauinuki. Mtoto hujifunza kupiga kwa kukata mlalo, na akifika kwenye zege anatolewa kila siku kwa kosa hilo hilo. Hili ni jambo dogo ambalo mtaalamu wa Nairobi hatalijua asipoambiwa, basi mkataba useme wazi kwamba angalau nusu ya siku zake ziwe nje ya Nairobi.

Mpira nao uende na umri. Wa watu wazima una uzito wa gramu 156 hadi 163, wa wanawake 140 hadi 151, wa watoto chini ya miaka 13 gramu 133 hadi 144. Nimeona mara nyingi shule zikipewa msaada wa mipira mikubwa kwa watoto wadogo; kiwiko huanguka, mkono unavutwa, na mwendo mbaya unajengeka. Wa chini ya miaka 11 wapunguziwe pia urefu, mita 18.29 zinawatosha.

Eneo ambalo mgeni atalipa thamani yake haraka ni kuwalinda warushaji wa kasi. Mfupa wa chini ya mgongo wa kijana haujakomaa, na kila mpira anaorusha humbana upande ule ule. Mwongozo wa Uingereza ni ova 5 (kila ova ni mipira sita) kwa mkupuo na 10 kwa siku hadi miaka 13. 6 na 12 kwa wa miaka 14 na 15. 7 na 18 kwa 16 na 17. Kwetu kijana mwenye kasi hurushishwa asubuhi shuleni, jioni mtaani na Jumapili klabuni, na hakuna anayejumlisha. Akifika miaka 19 mgongo umekwisha, tunasema kijana amelegea. Daftari la shilingi hamsini, jina, tarehe na idadi ya mipira, likikaguliwa kila Jumatatu, linaokoa warushaji wengi kuliko mashine ya kupima kasi.

Juu ya fedha sina mengi. Kwa kila shilingi ya ada ya mtaalamu, itengwe shilingi moja na nusu ya mishahara ya wasaidizi, nauli, mipira na zege. Isipopatikana, asiitwe; atakaa akifundisha kwa michoro. Ada ilipwe kwa mafungu kila safari inapokwisha, na asilimia 20 ya mwisho izuiwe hadi mwaka wa nne.

Mwaka huo wa nne aje mara moja tu, akae pembeni. Wasaidizi wawili waendeshe kozi ya walimu peke yao, wafungue daftari za warushaji, waeleze kwa nini fulani amepumzishwa. Mgeni akabidhi video zote, orodha za watoto na mipango ya mazoezi, nakala moja Nairobi na moja katika kila kaunti aliyofanya kazi, na mkataba useme tangu siku ya kwanza kwamba ni mali ya chama. Kozi ikienda, alipwe ile asilimia 20. Isipokwenda, fedha hiyo ilipe mwaka wa tano wa wasaidizi, na mgeni mwingine asitafutwe kabla ya bodi kupokea maandishi yao ya kueleza ilikwama wapi.

Msomaji wenu, Malindi