Wapatie Vijana Wasomaji, Kalamu Wataipenda Wenyewe

Mwanafunzi wa sekondari huandika insha nyingi kwa mwaka, na karibu zote husomwa na mtu mmoja tu: mwalimu anayesahihisha. Zikirudi zina alama na wino mwekundu, daftari linafungwa. Ndiyo maana tunasema anayetaka vijana wapende kuandika aanze kwa kuwatafutia wasomaji.

Shuleni, njia nyepesi ni gazeti la ukutani. Yanatosha manila 2, gundi na kalamu ya wino mzito. Libandikwe pale wanafunzi wanaposimama, kwa mfano kwenye foleni ya chakula, wala si maktaba ambako wanaingia wachache. Kila andiko lisizidi maneno 150, na herufi zisomeke kwa aliye hatua mbili nyuma. Pembeni acheni karatasi tupu ya maoni. Libadilishwe kila wiki 2, kwa sababu likikaa muhula mzima hakuna anayelitazama tena. Magazeti mengi ya namna hii hufa kwa kuachiwa wale wale watatu wanaoongoza darasani. Wekeni zamu, kila mkondo upate toleo lake.

Mada nazo zina lawama. Mpe kijana "Umuhimu wa elimu" naye atakurudishia aliyokariri, tena akianza na "Siku hiyo niliamka alfajiri na mapema". Mwambie aeleze jinsi chapati inavyopikwa kwa mama lishe wa jirani, tangu unga kukandwa hadi chapati kugeuzwa, au kituo cha daladala saa 12 asubuhi bila kutumia maneno "watu wengi". Hapo hana budi kutazama. Dakika 10 zinatosha, mfululizo, bila kufuta.

Rasimu ya kwanza msiiguse kwa wino mwekundu. Pigieni mstari sentensi moja iliyowavutia, mseme kwa nini. Rasimu ya pili ishughulikie kosa la aina moja tu, mathalani kuchanganya r na l, au h inayodondoka hadi "hapa" ikawa "apa". Ukimwonyesha makosa 30 kwa mpigo, hatarekebisha hata moja.

Wapo wasioivumilia insha lakini wanapenda mashairi, na hao wasinyimwe kanuni kwa kudhani zitawatisha. Vijana hufurahia kuhesabu. Tarbia ina mishororo, yaani mistari, 4 kila ubeti, na katika umbo lililozoeleka kila mshororo una mizani (silabi) 16: 8 za ukwapi, nusu ya kwanza ya mshororo, na 8 za utao, nusu ya pili. Mfano: "Kalamu naishikia, niandike ya moyoni". Wahesabu kwa vidole, silabi kwa silabi. Wengi hukwama kwenye m na n: "mtu" na "nchi" ni mizani mbili mbili, kwa kuwa m na n hapo hutamkwa peke yake, ilhali "mbuzi" nayo ni mizani mbili tu, mbu-zi. Vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, vije baada ya mizani kutulia. Anayeanza na vina huishia kupachika maneno yasiyo na maana ili mradi yaishie na "-ni".

Kijana akishakuwa na kazi kadhaa alizoziandika upya, apelekwe mbele zaidi: kurasa za mashairi magazetini, redio ya mtaani, au Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Asome kwanza masharti ya mwaka husika, utanzu, urefu na tarehe ya mwisho, na abaki na nakala yake.